Msitusainishe Tusichokielewa

Sisi ni wakopaji, wapangaji, vibarua wa viwandani, madereva wa bodaboda za mkataba na wagonjwa wa foleni ya alfajiri. Wengi wetu tumeishia darasa la saba, wengine kidato cha nne. Kiingereza hatukichukii, na watoto wetu tunataka wakijue vizuri. Tulichochoka nacho ni kuletewa karatasi za Kiingereza siku tuna shida, kuonyeshwa kwa kidole mahali pa kuweka sahihi, halafu jambo likiharibika tunaambiwa, "Si ulisaini mwenyewe?"

Kiingereza kina maneno mengi ya karibu karibu. Darasani, mtoto akichanganya "lend" na "borrow", anakosa maksi na maisha yanaendelea. Kwetu watu wazima, kuchanganya maneno mawili kunaondoka na kiwanja.

Anzeni na mikopo. Afisa anakutajia riba ya asilimia 24 kwa mwaka, nawe unaridhika. Ndani ya fomu kuna maneno "flat rate", au "reducing balance", na hakuna anayekaa kukueleza. Kwa mkopo wa shilingi 1,000,000 wa miezi 12, neno la kwanza lina maana kwamba riba inapigwa kwenye milioni nzima hadi mwisho, hata kama umebakiza laki mbili. Utalipa riba shilingi 240,000. La pili lina maana kwamba riba inapigwa kwenye deni lililobaki tu. Ukirejesha kwa marejesho sawa kila mwezi, riba yote inafika kama shilingi 135,000. Asilimia ni ileile, muda ni uleule, tofauti inazidi laki moja. Hiyo ni ada ya mtoto, ni mtaji wa genge. Watu wanashangaa kwa nini mtaani mikopo inaitwa kausha damu!

Mama mmoja wa mtaani kwetu, muuza samaki, alifuatwa na jirani amsindikize kuchukua mkopo. Fomu ilikuwa na nafasi mbili za sahihi, juu "Witness", chini "Guarantor". Aliambiwa asaini pale chini, "kama shahidi tu, mama". Jirani alipohama usiku na simu yake ikazimwa, waliokuja kudai walikuja kwa yule mama, wakaondoka na friji analohifadhia samaki. Shahidi anathibitisha kwamba ameona mtu akisaini. Yule wa chini ameahidi kulipa deni la mwenzake. Mama hakuahidi hivyo kwa kinywa chake hata siku moja.

Tena tuseme ukweli: kuandika "mdhamini" peke yake badala ya "Guarantor" hakutoshi. Neno hilo tunalitumia kwa anayemtoa mtu polisi, kwa anayemlipia mwanafunzi ada, hata kwa kampuni iliyotoa jezi za timu. Fomu iandike sentensi kamili: "Mkopaji asipolipa, nitalipa mimi." Mtu akiisoma hiyo, akitaka kusaini atasaini akijua.

Kazini ni hivyohivyo. Kiwanda kinapunguza watu, mfanyakazi anapewa barua yenye neno "resignation", anaambiwa ni utaratibu wa kufunga hesabu. Kumbe amesaini kwamba ameacha kazi kwa hiari yake. Angeandikiwa "termination", ingejulikana kwamba mwajiri ndiye aliyemwondoa. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mfanyakazi aliyetimiza mwaka mmoja kazini, akiachishwa bila kosa la nidhamu, anastahili kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotumikia, hadi miaka 10. Aliyeacha mwenyewe hana dai hilo. Na anayetaka kulalamikia kuachishwa isivyo haki anatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Wangapi wetu wamezimaliza siku hizo wakizunguka na barua kumtafuta wa kuwasomea? Kwa Kiswahili hata mtoto hakosei: kuacha kazi si kuachishwa kazi.

Mahakamani tunalia zaidi, maana huko kinachoondoka ni uhuru wa mtu. Ndugu yetu anasikia hakimu akitamka "discharged", ukoo mzima unapiga vigelegele, magazeti yanaandika "ameachiwa huru". Hajamaliza ngazi za mahakama, askari wamemkamata tena kwa mashtaka yaleyale. Familia inadhani sheria imevunjwa, lakini "discharged" na "acquitted" ni vitu viwili. Wa kwanza amefutiwa kesi iliyokuwa mbele ya mahakama, na anaweza kushtakiwa upya. Wa pili ameonekana hana hatia, na hawezi kushtakiwa tena kwa kosa hilohilo. Hakuna aliyetugeuzia uso akatwambia hivyo kwa maneno ya kueleweka. Na waandishi wa habari nao tunawaomba: msiwaite wote wawili "walioachiwa huru". Mkifanya hivyo mnauhamishia mkanganyiko wa Kiingereza ndani ya Kiswahili chetu.

Kuna afya pia. "Hypoglycaemia" na "hyperglycaemia" zinatofautiana herufi chache tu, na matibabu yake yanapishana kabisa: wa kwanza sukari yake imeshuka, anahitaji sukari haraka, wa pili imepanda, na sukari itamzidishia ugonjwa. Mgonjwa akiandikiwa "sukari imeshuka" au "sukari imepanda", nyumba nzima inajua la kufanya. Dukani nako, "best before" inahusu ubora wa chakula, na "use by" inahusu usalama wa mlaji. Asiyejua atamwaga chakula kizima, au atamlisha mwanawe kilichokwisha kuwa hatari.

Tunajibiwa kwamba tukajifunze Kiingereza, au kwamba Kiswahili hakijakomaa. Majibu yote mawili hatuyakubali. Bahasha ya dawa imeandikwa "kutwa mara tatu" tangu zamani, na bibi wa kijijini anameza dawa zake sawasawa. Wenye magari wanasema bima kubwa na bima ndogo, na kila dereva anajua ipi italitengeneza gari lake na ipi itamlipa aliyegongwa tu. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Mwezi Februari mwaka huohuo Rais John Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani, baada ya jaji huyo kuandika hukumu kwa Kiswahili. Sheria ipo, mfano upo, maneno yapo. Kilichobaki ni utashi wa wanaotuandalia karatasi.

Kwa hiyo tunadai haya. Kila mkataba wa mkopo, wa kazi na wa pango utolewe kwa Kiswahili kabla ya sahihi, na mtu apewe nafasi ya kwenda nao nyumbani. Gharama yote ya mkopo iandikwe kwa shilingi, si kwa asilimia peke yake. Mahakama imweleze mshtakiwa, kwa lugha yake, kama kesi yake imekwisha au inaweza kurudi. Barua ya kumwondoa mtu kazini itaje wazi nani ameamua.

Na ninyi wenzetu mnaosoma hapa, mkiletewa karatasi msiyoielewa, ikataeni hadi mtu asiye na maslahi nayo awasomee. Msione haya. Aibu ni ya anayemsainisha mwenzake asichokielewa.