Marumaru Nyembamba Ukutani

Marumaru tuikusudiayo hapa ni jiwe lenyewe, si vigae vya kuchomwa vilivyoazimwa jina hilo. Bamba lake la unene wa sentimita 3 lina kilo 80 hivi kwa kila mita ya mraba. Kwa ajili hiyo mafundi wa leo hulipasua likabaki milimita 5, kisha huligandisha juu ya ubao wa alumini wenye matundu mfano wa sega la nyuki, na ukuta hauelemewi.

Lakini wembamba mtupu una hatari. Huko Chicago, Marekani, jumba la ghorofa 83 lililokamilika mwaka 1973 lilivikwa marumaru ya Carrara, unene usiofika sentimita 4. Chembe za jiwe hilo zikipata joto hutanuka upande mmoja kuliko mwingine, wala hazirejei zilivyokuwa. Mabamba yakabinuka, hata yakabanduliwa yote, 1990 hadi 1992, yakawekwa mawe ya itale.

Basi mwenye kutaka kuyaweka nje na aulize kwanza yameshikizwa kwa nini. Mimi naona mahali pake ni ndani, mbali na ndimu na siki, kwani hizo huyala yakafifia.