Sufuria ya Abunuwasi Haina Ujumbe

Kuna neno moja limeua hadithi nyingi kambini kuliko usahaulifu, nalo ni "ujumbe". Ukipeleka mchezo wako kwa wenye jukwaa na spika, hawakuulizi nani atasimulia wala nani atapiga ikembe. Wanauliza: "Mchezo una ujumbe gani?" Ukikosa jibu, huna nafasi. Ukiwa nalo, basi sungura lazima anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumdanganya fisi, mwisho wapatane, picha ipigwe, kwisha.

Mimi napinga. Kipindupindu kipo, sibishi. Lakini si aje daktari, asimame, aseme? Sungura ana kazi yake.

Sisi wa Rumonge na ufuko ule mpaka Nyanza-Lac tulilelewa na hadithi za namna mbili. Za Kirundi zilikuja usiku pamoja na vitendawili, "Sokwe!" "Niruze!", wakaingia Bakame na Samandari. Za Kiswahili zilikuwa za mitaa ya wavuvi, bibi anachambua ndagala huku anamleta Abunuwasi. Sasa siku za utamaduni tunaambiwa eti huyo wa pili si wetu, ni wa Waarabu, tulete ngoma tu. Lo! Abunuwasi mwenyewe alikuwa mshairi wa Baghdad, zama za Harun al-Rashid, na visa vingi anavyobebeshwa wala si vyake. Wamisri wanamsimulia Goha, Waturuki Nasreddin Hoca, watu wa Sicilia wanaye Giufà. Bahari ya Kati nzima inagombania mjanja mmoja ambaye siku nyingine ni mjinga. Pwani ya Waswahili akavaa jina la Abunuwasi, akapanda bara kwa njia ya misafara, Bagamoyo, Tabora, Ujiji, mpaka kwetu ziwani. Hakuna aliyemdai kitambulisho.

Chukua kisa cha sufuria. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kisufuria kidogo ndani. "Sufuria yako imezaa." Jirani anafurahi, anapokea vyote. Mara ya pili Abunuwasi anaazima sufuria kubwa, siku zinapita, hairudi. Jirani akija kudai anaambiwa: "Pole, imekufa." Sufuria inakufaje? Kwani ilizaaje?

Watu hucheka hapo. Lakini kicheze mbele ya watu wa ufuko wetu uone. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianzia kule kule, Rumonge na Nyanza-Lac, kisha jeshi likalipiza nchi nzima. Waliookoka wakavuka kwenda Tanzania, wengi wakaishia Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Baada ya miaka thelathini na zaidi wengine wakarudi, wakakuta michikichi yao inavunwa na watu wengine. Ikaundwa hadi tume ya ardhi, CNTB, mwaka 2006, na ugomvi haukuisha. Sasa mtu kama huyo, amepewa nyumba pale Mutambara huku shamba la baba yake analiona ng'ambo ya barabara, anaposikia "imekufa", utamwongezea ujumbe gani wewe? Na pembeni yake amekaa yule aliyegawiwa shamba hilo na serikali, akazaa na kuzika humo. Naye anajiona jirani aliyedhulumiwa. Wote wawili wanacheka, kisha mmoja anaacha kucheka. Hapo ndipo hadithi inafanya kazi. Ukipanda jukwaani na kipaza sauti kueleza kwamba "tunajifunza tuishi kwa amani", umewapa wote wawili ruhusa ya kwenda kulala.

Na tuicheze vizuri, siyo kwa haraka ya dakika kumi. Mtambaji mmoja katikati, na hadhira imwitikie. Inanga ipigwe chini ya sauti yake, spika izimwe, maana inanga huimbwa kwa kunong'ona na spika inaiua. Kufa kwa sufuria kuchezwe kama msiba kamili: wabebaji, wamama na vilio vyao, mwendo mzito, halafu ngoma ipasuke watu wagundue wanalilia chombo cha kupikia. Wasichana wapige ngoma hiyo. Najua umurisho ni wa wanaume, na UNESCO iliuorodhesha mwaka 2014. Najua pia amri ya rais ya Oktoba 2017 iliyowakataza wanawake kupiga. Amri hiyo ni ya kule tulikotoka. Kama tulikimbia na tukabeba hata makatazo, tulikimbia nini?

Wenzangu wa kikundi huniambia, "Acha ubishi, bila ujumbe hatupati hela." Hela gani? Anayeandika mradi analipwa, dereva analipwa posho ya siku, aliyekodisha spika analipwa. Bibi aliyetupa kisa chenyewe, amekihifadhi kichwani tangu utoto, anapewa soda na biskuti, tena anaambiwa akifupishe. Kwa masharti hayo heri tucheze chini ya mwembe bila turubai.

Lakini kama wanatutaka jukwaani, mahali pa "ujumbe" kwenye fomu yao tutaandika: sufuria ilizaa. Na bibi alipwe kabla hajafungua mdomo.