Mashini ya kusaga: tuhesabu saa

Mwaka jana moteri ya mashini yetu ilikufa. Mafuta hayakuisha: yaliposhuka tuliongeza kidogo. Lakini vidanji, ni kusema kutoa mafuta yote ya zamani na kutia mapya, hatukufanya hata mara moja. Tulibania faranga. Miezi miwili hatukusaga, na minervali ya watoto ikakosekana.

Gari huhesabiwa kilometa, moteri ya kusaga huhesabiwa saa. Moteri nyingi ndogo za mazuti huomba vidanji kila saa 100. Ikiwa mpya, ya kwanza hufanywa mapema zaidi. Tukisaga saa 5 kwa siku, siku 6 kwa juma, ni saa 30. Basi kila juma la tatu tunaita fundi.

Sasa mama wa zamu anaandika saa katika daftari kila jioni. Asubuhi, moteri ikiwa baridi, anapima mafuta kwa kijiti chake. Mafuta ya zamani tunayaweka katika bidoni, hatuyamwagi mtoni ao shambani.

Na pesa ya vidanji tunaitenga kwanza, kisha tunagawana faida.