Risasi Moja, Shabaha Moja



Juma hili nawaalika tutafakari juu ya mchezo ambao huenda wengi wetu hatujapata kuushuhudia: kulenga shabaha kwa bunduki inayobeba risasi moja tu. Bunduki hizo ni mpya, lakini zimeundwa kwa mfano wa zile za karne ya 19. Katika mji mdogo wa Big Timber, jimboni Montana nchini Marekani, na huko Gardone Val Trompia, Italia, mafundi wangali wakiunda bunduki aina ya Sharps zifananazo na zile za miaka ya 1870.

Kwa nini mtu wa leo, awezaye kununua silaha inayotema risasi mfululizo, apende ile inayomlazimu kutulia baada ya kila mlio?

Jibu limo katika kazi yenyewe. Walengaji wengi huyeyusha madini ya risasi wenyewe, wakayachanganya na bati kidogo na kuyamimina katika kalibu. Hupima baruti nyeusi na kujaza maganda, moja baada ya jingine. Uwanjani, mlio ukitoka, moshi mzito hutanda mbele ya macho, na masizi hubaki ndani ya mtutu. Ndipo mlengaji hupuliza pumzi yake kwa mrija, ili unyevu uyalainishe masizi hayo, kabla ya kupakia tena. Katika mashindano ya sanamu za chuma, kuku huwekwa mita 200, nguruwe mita 300, bata mzinga mita 385, na kondoo dume mita 500. Risasi iendayo kwa kondoo huchukua zaidi ya sekunde moja kufika. Katika muda huo mfupi mlengaji hana la kuongeza wala la kupunguza. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi furaha ya mchezo huu ni furaha ya kuwajibika. Mwenye risasi nyingi hufidia kosa kwa wingi. Mwenye moja hufidia kwa utulivu tu.

Tazameni yaliyotokea Creedmoor, karibu na jiji la New York, tarehe 26 Septemba 1874. Walengaji sita wa Ireland, waliotumia bunduki za kushindiliwa kwa mdomo wa mtutu kama gobori tunazozijua, walikutana na Wamarekani sita waliotumia Sharps na Remington za kupakiwa kwa nyuma. Umbali ulikuwa yadi 800, 900 na 1,000. Mwairelandi mmoja, J. K. Millner, alipiga katikati kabisa ya shabaha. Lakini ilikuwa shabaha isiyo yake, naye hakupata alama hata moja. Mwishoni kabisa, Kanali John Bodine, ambaye mkono wake ulikuwa umekatwa na chupa iliyopasuka, alifyatua risasi ya mwisho ya timu yake na kupata alama nne. Marekani ikashinda kwa 934 dhidi ya 931. Lau risasi ile ya Millner ingalikwenda mahali pake, Ireland ingalikuwa na 935. Ndugu zangu, ustadi mkubwa ulioelekezwa pasipo pake haukumfaa kitu mwenye ustadi huo.

Hata hivyo, sikubaliani na wale wasemao kwamba bunduki ya kale ni silaha ya kiungwana kwa sababu tu ni ya polepole. Historia yakanusha. Katika miaka hiyo hiyo ya 1870, wawindaji wa ngozi walizitumia Sharps na Remington katika tambarare za Marekani kuwaua nyati wa huko, wale waitwao baisoni. Walifyatua risasi moja moja, kwa utulivu ule ule tunaousifu, mpaka kundi zima likalala chini. Ngozi zilichukuliwa, nyama nyingi iliachwa ioze. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1880, mamilioni yale yalikuwa yamepungua hata kubaki mamia tu waliokuwa huru porini. Wenyeji, kama vile Wakomanchi na Walakota, walipoteza chakula, mavazi na makao yao kwa pamoja. Upole haukuwamo katika chuma, wala subira peke yake haikumfanya mwindaji kuwa mwema. Mtu aweza kuwa mvumilivu sana katika kutenda uovu.

Je, mchezo huu uachwe? La, hasha. Maoni yangu ni kwamba mchezo unaoishia kwenye sanamu ya chuma, ukichezwa kwa kufuata kanuni za usalama, wafaa kuitwa burudani njema. Lakini aipendaye bunduki ile kwa uzuri wake aikumbuke pia kwa matendo yake. Asichague nusu ya historia. Mzee amfundishaye kijana kushusha pumzi na kuvuta kifyatuo taratibu, na amsimulie vilevile habari za nyati. Hapo kijana atajifunza mambo mawili kwa pamoja: namna ya kulenga, na kuuliza kwanza ni nini kinacholengwa.

Swali hilo la pili latuhusu hata sisi tusioshika bunduki kamwe. Nawatakieni juma jema.