Upemba iko kwetu, lakini mtoto wa Dilala atafika kwa njia gani?

Vakansi kubwa inakaribia. Walimu wawili wa masomo moja ya hapa Dilala waliniomba niwasaidie jambo ambalo sote tulidhani ni dogo: kupanga safari ya watoto 30 kwenda kuangalia parki ya taifa ya Upemba. Siyo Dubai, siyo Ulaya. Ni Upemba, ambayo sehemu yake iko katika teritwari ya Lubudi, ndani ya jimbo letu la Lualaba. Hii ni wiki ya sita tunauliza. Ninaandika na hasira, wasomaji mnisamehe.

Swali letu lilikuwa moja tu: mtoto wa Kolwezi analipa ngapi, analipia wapi, na anapita njia gani? Ofisi ya kwanza ilitutuma kwa ya pili. Ya pili ilisema mambo ya parki ni ya Kinshasa. Mfanyabiashara mmoja wa safari alitupa kwa simu bei ya ndege ya kukodi, kwa dolari, kisha akauliza wageni wetu wametoka nchi gani. Tulipomwambia ni watoto wa Dilala, alicheka. Hakuwa na nia mbaya, nadhani. Lakini kicheko kile bado kiko masikioni mwangu.

Maana kitu chenyewe si kidogo. Upemba iliundwa tarehe 15 Mei 1939. Juu kuna uwanda wa Kibara, baridi, majani hadi macho yachoke, zaidi ya mita 1,700 toka usawa wa bahari. Chini, kwenye mita 600 hivi, kuna maziwa na matete ya Kamalondo. Punda milia wa mwisho wanaoishi porini katika Kongo yote wako huko. Kati ya mwaka 1946 na 1949 Mbelgiji de Witte alizunguka Upemba na kundi lake, wakikusanya vyura, nyoka, samaki na wadudu kwa maelfu, wakavipeleka Ubelgiji. Kwa hiyo mtoto wa Brussels anaweza kusoma habari za chura wa Lusinga aliye ndani ya chupa. Mtoto wa Dilala, ambaye chura huyo ni jirani yake, tunamwambia ni mbali.

Na si Upemba peke yake. Kundelungu, parki tangu 1970, ina maporomoko ya Lofoi, maji yanayoanguka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja. Katanga hii hii ina pango la Kiantapo, lenye alama zilizochongwa na watu wa kale katika mawe, ambalo padri Breuil wa Ufaransa aliliandikia kitabu mwaka 1952. Muulize mwanafunzi yeyote hapa Kolwezi kama amesikia jina hilo. Mimi mwenyewe nilikuwa mtu mzima nilipolisikia.

Wakenya wana mlima Elgon, na ndani yake pango la Kitum, ambamo tembo huingia gizani kabisa na kukwangua mwamba kwa meno ili walambe chumvi. Wachimbaji wa mikono, kama wetu! Lakini si tembo ninaowaonea wivu. Ninaonea wivu jambo moja dogo: bei za parki zao zinatangazwa, na raia analipa kwa shilingi, chini sana ya mgeni. Mwalimu wa kule anafanya hesabu jioni moja na kalamu. Sisi wiki sita.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza ni barabara. Kweli, toka Kolwezi hadi Likasi ni lami na peaji, kisha ukielekea kaskazini upande wa Mitwaba ni udongo, na wakati wa mvua udongo ule hauchezi na mtu. Ndiyo sababu tunasema vakansi kubwa, wakati wa kiangazi. Kwa Lofoi kuna shida nyingine: kiangazi kikiendelea maji yanapungua, na yakijaa, njia inaharibika. Mtu akijua hayo mapema anachagua mwezi wake. Hasara ni kutojua.

La pili ni usalama, na hilo silichekei. Mwaka 2004 mai-mai walishambulia Lusinga, makao ya walinzi, wakaua watu. Upande wa Mitwaba uliteseka miaka mingi, na walinzi wengine wamekufa tangu hapo. Siombi watoto wapelekwe hatarini. Naomba wenye kujua waseme wazi kila mwezi: eneo hili limefunguliwa, lile hapana, simu ya kuuliza ni hii. Kunyamaza hakumlindi mtu. Kunaacha uvumi wa kamioni na wa soko ufanye kazi ya Leta.

La tatu ndilo linaniudhi zaidi, maana linatoka kwetu wenyewe: "Pori ni mambo ya wazungu." Wandugu, kabla ya mzungu yeyote kufika hapa, shaba ya Katanga ilikuwa inatembea. Pale Sanga, pembeni ya ziwa Kisale, makaburi yaliyochimbwa miaka ya 1957 na 1958 yalitoa misalaba ya shaba iliyozikwa pamoja na wafu. Tunachimba shaba kila siku na hatujui ilikuwa inakwenda wapi zamani.

Halafu kuna maji. Mto Musonoi unapita hapa kwetu, katikati ya migodi, unaingia Lualaba. Lualaba inateremka hadi maziwa ya Kamalondo, ambako parki inashuka na ambako wanavua samaki. Uchafu tunaouachilia hapa hausimami Kolwezi. Mtoto akisimama pale juu Kibara na kuona maziwa yale, hatahitaji hotuba ya mazingira. Na mradi wa bwawa la umeme la Sombwe, kwenye mto Lufira, kati ya Upemba na Kundelungu? Watetezi wa mazingira wameupinga, wenye mradi wanasema migodi inahitaji umeme. Hapa kwetu umeme unakatika, kwa hiyo mimi siwezi kusema ni jambo rahisi. Lakini nani wa Kolwezi atatoa sauti katika mazungumzo hayo, kama hakuna hata mmoja kati yetu aliyeona kile kinachobishaniwa?

Tusiambiwe hakuna franga. Sheria ya madini ya 2018 inalazimisha kila kampuni kutoa angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na 15% ya mrabaha inapaswa kwenda kwa vyombo vya chini, kama komini na sekta, kule madini yanakotoka. Basi moja la watoto kwa mwaka haliwezi kuangusha kampuni yoyote. Na lile tunaloomba kwanza halihitaji hata basi: karatasi moja, kwa Kiswahili na Kifaransa, ibandikwe kwenye komini ya Dilala na ya Manika. Bei ya Mkongomani kwa franga. Ofisi ya kulipia. Njia, mahali pa kulala, mwezi mzuri. Tarehe 27 Septemba, siku ya utalii duniani, hotuba zitatoka tena. Mwaka huu nitakwenda na swali langu, nitakaa mstari wa mbele.

Jana mwalimu alinionyesha daftari lake. Majina 30. Wazazi 11 wamekwisha kuleta franga za kwanza, na mama mmoja ameuliza kama mtoto wake atahitaji koti. Tulimjibu ndiyo, Kibara kuna baridi. Hilo ndilo jibu pekee tulilokuwa nalo.