Gari Linapokataa Kuwaka

Akina mama wapenzi, mwezi huu tutoke jikoni kidogo, tufunue boneti. Wengi wetu tunategemea gari kupeleka watoto shule, na mtoto akishikwa na homa usiku ndilo linalomfikisha hospitali. Lakini siku likikataa kuwaka, tunakaa tu kumngoja baba au fundi. Fundi naye akija, tunalipa chochote atakachosema, kwa sababu hatujui la kumwuliza.

Mtoto akiugua, daktari hukuuliza: homa imeanza lini, anatapika, anaharisha? Gari nalo ni hivyo hivyo. Kabla ya kumwita mtu, lisikilize.

Kwanza hakikisha gia iko P au N kama ni gari la otomatiki. Kama ni la gia za mkono, kanyaga klachi mpaka chini. Kisha piga stata.

1. Kimya, au linalia "ta-ta-ta". Washa taa kubwa. Zikiwa hafifu au zikifa unapopiga stata, betri haina chaji, au vichwa vyake vimelegea. Zima swichi utazame. Kichwa kikichezacheza hukazwa tu, wala huhitaji betri mpya. Ukiona unga mweupe au wa kijani, usiuguse kwa mkono mtupu, una asidi.

2. Taa ni kali, lakini linalia "ta" moja tu. Hapo mara nyingi ni stata au waya zake. Mwite fundi.

3. Injini inazunguka lakini haiwaki. Betri yako ni nzima. Tazama geji ya mafuta. Tazama pia kama taa yenye alama ya ufunguo inamweka. Huenda gari halijautambua ufunguo, basi jaribu ule wa akiba. Ukisikia harufu kali ya petroli, acha, ushushe watoto, umwite fundi, huenda inavuja.

Usipige stata zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja. Ipumzishe kidogo, la sivyo utamaliza betri na kuunguza stata, na ugonjwa mmoja utakuwa mitatu.

Jirani akikubusti, betri zote ziwe za volti 12, na magari yazimwe, yasigusane. Waya mwekundu uunge chanya kwa chanya. Mweusi uanzie hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho ishike chuma kitupu cha injini ya gari lako, mbali na betri, kwa maana betri hutoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche. Mwache jirani awashe lake dakika chache, ndipo uwashe lako. Gari la otomatiki usihangaike kulisukuma. Haliwaki kwa njia hiyo.

Fundi akifika, mweleze ulichosikia na ulichoona. Akisema betri imekufa, mwombe aipime mbele yako. Betri nzima iliyojaa chaji na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi. Mwombe apime na alteneta, maana hiyo ikiwa mbovu hata betri mpya itaisha chaji.

Na siku unapofunua boneti, mwite binti yako naye atazame. Naye ataendesha siku moja.