Kipupwe na ngozi ya mtoto: mafuta yapakwe saa ngapi?

Asubuhi ya Julai huko Makete, Njombe au Mbeya, mtoto anaogeshwa kwa maji ya moto, anasuguliwa kwa dodoki na sabuni, anafutwa hadi anakauka kabisa. Anavaa sare na sweta, anakunywa uji, na mlangoni ndipo mama anakumbuka kumpaka mafuta. Ikifika saa nne mashavu yamepauka na miguu ina mistari myeupe. Jioni lawama inaangukia mafuta: ya siku hizi ni feki.

Mara nyingi mafuta hayana kosa. Yamechelewa kupakwa.

Ngozi ina mafuta yake ya asili yanayozuia maji ya mwilini yasipotee ovyo. Kuanzia Juni hadi Agosti hewa ya nyanda za juu huwa baridi na kavu, hivyo maji hutoka haraka kwenye ngozi. Maji ya moto, sabuni kali na dodoki huondoa hata yale mafuta ya asili yaliyobaki. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba kuliko ya mtu mzima, ndiyo maana huathirika mapema.

Mafuta ya mgando hayaongezi maji kwenye ngozi. Kazi yake ni kufunika yaliyopo yasitoke. Ukipaka ngozi ikiwa imeshakauka, umefunika ukavu.

Mzazi afanye hivi:

Maji yawe ya uvuguvugu, na kuoga kusizidi dakika tano hadi kumi. Sabuni isiyo na manukato makali ipite kwapani, kwenye mapaja na miguu. Si lazima mwili mzima ujae povu. Dodoki lipumzike hadi baridi iishe.

Mtoto mchanga hahitaji sabuni kila siku. Siku ya baridi kali inatosha kumfuta uso, shingo, makwapa na sehemu za nepi.

Mfute kwa kumgusagusa na taulo bila kusugua, kisha mpake mafuta hapo hapo, ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na harufu, yanatosha na bei yake si kubwa. Usisahau midomo na visigino. Rudia kabla ya kulala.

Sweta la sufu likimwasha, mvalishe kwanza fulana ya pamba. Na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani watoto wanakolala: moshi wake usioonekana unaua.

Hatari nyingine iko dukani. Ngozi ya mtoto inapokataa kutulia, jirani huelekeza krimu ya kuchanganya, iliyo kwenye kikopo kisicho na lebo. Siku tatu tu ngozi inakuwa laini, na sifa zinaenea mtaani. Baadhi ya krimu hizo zina steroidi, dawa ambayo daktari huitoa kwa kipimo na kwa muda maalumu. Ikipakwa ovyo kwa wiki nyingi hufanya ngozi kuwa nyembamba, na mara nyingi ukiiacha tatizo hurudi kwa nguvu zaidi. Nyingine zina zebaki, ambayo hupenya kwenye ngozi na kudhuru figo. Kama hujui kilichomo, usimpake mtoto.

Pia si kila mwasho ni wa baridi. Mabaka mekundu au meusi yanayowasha, hasa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, huenda ni pumu ya ngozi. Nyumba nzima ikijikuna usiku, hasa katikati ya vidole, huenda ni upele, nao hautibiwi kwa mafuta. Familia yote hutibiwa kwa pamoja. Ngozi ikitoa majimaji au ukoko wa njano, ikivimba, au mtoto akipata homa, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kwa ukavu wa kawaida, anza na jambo dogo leo usiku: toa kopo la mafuta kabatini, liweke pale unapotundika taulo la mtoto.